Kompyuta imegoma kuwaka baada ya kuapdeti draiva, nikubali ipigwe Windows upya?

SWALI: Fundi habari za kazi. Tuna deskitopu ya Windows 10 hapa nyumbani, juzi mwanangu wa form two kadaunlodi kiprogramu cha kuapdeti madraiva yote bure eti gemu limekuwa zito, kilipomaliza kikamwambia aristati, basi tangu hapo ukiwasha inaleta nembo, vidoti vinazunguka, skrini ya bluu, inajizima inajiwasha, hivyo hivyo mpaka unachoka. Kijana mmoja huku mjini kasema Windows imekufa, nimwachie elfu 40 aipige upya. Humo kuna mahesabu ya kikoba ya miaka mitatu na picha za msiba wa baba. Nifanyeje?
Mama G., Pasua, Moshi

JIBU: Pole sana mama, na hiyo elfu 40 kaa nayo kwanza. Windows haijafa. Draiva ndo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, sasa hicho kiprogramu (mimi hivi vya "zote bure" sivipendi hata kidogo) kimeweka draiva isiyoendana, mimi naishuku ya kadi ya picha (kile kifaa kinachotoa picha kwenye skrini). Mafaili yako yapo tu kwenye diski, ila akipiga Windows kwa kufomati (kufuta diski yote), hapo kikoba kwaheri.

Fanya hivi: washa, nembo ikitokea bonyeza batani ya kuwashia usiachie mpaka izime, rudia mara mbili tatu, itakuja yenyewe na skrini ya kujitengeneza. Ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, halafu Restart, zikija namba bonyeza 4. Hiyo ni sefu modi, inawaka na draiva chache za lazima tu, utaona skrini nyeusi, maandishi makubwa makubwa na neno Safe Mode kwenye kona zote nne, usishtuke. Ikikuomba tarakimu 48 za BitLocker (kufuli la Windows linalolinda diski) kabla ya hapo, ziangalie kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu.

Ukishaingia, kabla ya yote chomeka flashi ukopi kikoba na picha. Halafu bonyeza kulia batani ya Start, Device Manager, Display adapters, bonyeza kulia jina la kadi, Properties, kwenye Driver bonyeza Roll Back Driver. Ikiwa imefifia haibonyezeki, toa draiva kwa Uninstall device na uweke tiki pa kufuta na programu yake. Futa na kile kiprogramu cha dogo, ristati.

Bado bluu? Rudi menyu ile ile ya mwanzo uchague System Restore (inairudisha Windows ilivyokuwa siku za nyuma), tarehe ya kabla ya juzi kama ipo. Hapo nayo ikigoma ndo uongee na yule kijana, ila flashi iwe mkononi mwako tayari.