Kuacha tangi wazi usiku kucha hakutoshi

Ndugu, umeuliza kama tangi la molasi hapo kiwandani Jinja likiachwa wazi usiku kucha, fundi anaweza kushuka asubuhi kupima unene wa bati. Hapana. Mabaki yaliyochachuka hutoa hewa ya ukaa (CO2), ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo hutuama chini hata mfuniko ukiwa wazi. Mita ya kawaida ya gesi nne, isiyopima hewa ya ukaa, itawadanganya: oksijeni ikishuka kutoka 20.9% hadi 19.5%, hewa ya ukaa inaweza kuwa imeshapita 6%, na hata 4% ni hatari kwa uhai. Tafuteni mita yenye sensa ya CO2, ishusheni juu, katikati na chini, mkisubiri kila kina mpaka namba itulie. Mpira wa feni ufike sakafuni, na feni isizimwe mtu akiwa ndani. Valvu ya bomba linaloingia tangini, hata ikifungwa, huweza kuvuja. Wekeni bamba zima la chuma kwenye flanji, yaani kiungo cha bomba hilo. Anayelinda mlangoni asiingie kuokoa, amvute mwenzake kwa winchi. Na msipulize oksijeni ya kuchomelea humo, tafadhali: nguo huwaka kwa cheche ndogo tu.