Nimepona ajali, mbona bado natetemeka?

SWALI: Shikamoo mama. Nauza vitunguu Morogoro, mzigo naufuata Ruaha Mbuyuni. Miezi minne iliyopita basi letu lilipinduka kwenye miteremko ya Iyovi. Nilivunjika mkono tu. Sasa nikisikia breki za lori natetemeka na jasho linanitoka, usiku naota naning'inia kwenye mkanda. Mzigo namtuma mdogo wangu na hesabu haziji sawa. Mume wangu anasema nimshukuru Mungu, niache kuwaza. Ili nilale, usiku mwingine nanunua valiamu duka la dawa. Nikija kwa mshauri nitalazimishwa kusimulia yote? Naogopa nitazimia.
Muuza vitunguu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana.

Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo linalowazuia wengi kubisha hodi kwangu. Hulazimishwi. Siku ya kwanza sikuulizi habari ya ajali hata kidogo. Nitakuuliza unalala saa ngapi, unakula nini, na ukishtuka usiku nani anaamka nawe. Mama mmoja (ameniruhusu niseme) tulikaa naye wiki tatu tukizungumzia kuku wake na kufanya mazoezi ya kupumua: unavuta pumzi kwa hesabu ya nne, unaitoa taratibu kwa hesabu ya sita. Wiki ya nne akafungua pindo la kanga, akatoa tiketi ya basi iliyokunjwa hadi ikawa kama punje ya hindi. Akaiweka mezani, akaanza kusimulia mwenyewe. Mimi nilinyamaza.

Wiki za mwanzo baada ya ajali, kushtukashtuka ni kawaida na wengi hutulia bila tiba. Hali ikivuka mwezi na kukukosesha kazi, hicho ni kiwewe, na kiwewe kina tiba. Huna upungufu wa imani wala hujapagawa. Siku ile, kwa dakika moja tu, mwili wako ulijifunza kwamba mlio wa breki ni kifo. Kila unapoukimbia mlio huo, unauthibitishia mwili kuwa haukukosea. Ndiyo maana kumtuma mdogo wako kunakupa nafuu leo, lakini wiki ijayo hofu inarudi imenenepa.

Kwa hiyo tunapanda ngazi. Msingi wa njia hii uliwekwa miaka ya 1950 na daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alitibu askari waliotoka vitani na hofu zao. Tutaandika pamoja kila unachokiogopa na kukipa alama, kuanzia 0 hadi 10. Labda kusimama ng'ambo ya barabara ukitazama mabasi yakiingia Msamvu ni 3. Kukaa ndani ya basi lililozimwa injini, 6. Kwenda hadi Mikumi na kurudi, 9. Tunaanza na 3, dada au jirani akiwa kando yako. Moyo utakwenda mbio. Usiondoke hapo hapo. Subiri mpaka uhisi umeanza kutulia, hata ikichukua nusu saa na hindi la kuchoma likapoa mkononi. Siku nyingine rudia hiyo hiyo 3. Hakuna anayekukimbiza kufika Iyovi.

Kuhusu valiamu nitakuwa mkali, kwa kuwa nimeona inavyowafunga watu. Inalaza, lakini kiwewe inakiacha palepale, na mwili ukiizoea unadai zaidi. Kama unaimeza kila siku usiikate ghafla, ni hatari. Mweleze daktari akupunguzie kidogo kidogo. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili. Na yakikujia mawazo ya kutaka kufa, usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo na mtu wa kukusindikiza.

Mumeo hajakosea kushukuru, sala iendelee. Ila "acha kuwaza" haimsaidii mtu ambaye wazo linamjia akiwa usingizini. Mlete siku ya pili, nimweleze namna ya kukushika mkono na kukuambia uko wapi unapoamka unapiga kelele. Siku ya kwanza uje peke yako. Na huo mkono, kama bado unauma usiku, uniambie, maana wapo wanaokosa usingizi kwa maumivu ya mfupa wakadhani ni ndoto tu.