Ua la fensi na presha
Dadangu uliyeuliza kama lile ua jekundu la fensi hapo kwako Malindi laweza kuchemshwa kwa ajili ya presha, silo hilo, la presha ni rozela, wengine waiita choya, na kinachotumika si petali bali vile vikombe vyekundu vinene vinavyobaki ua likishaanguka, vyaanikwa vikakauka ndo vyatiwa maji ya moto, chachu kama ukwaju. Presha yashuka kidogo kweli, lakini tembe za daktari usiziache tafadhali sana!! na ukiwa na mimba usiinywe kabisa. Hilo la fensi ponda majani yake na maji, yatoa utelezi mzuri wa kuoshea nywele.