Maswali ya wasomaji: Ziwa tunaliona, mbona tuna mgao?

*Maswali ya toleo hili yanajibiwa na mhandisi wa maji mstaafu, aliyekaa miaka 27 katika chumba cha uendeshaji wa bwawa.*

Shikamoo mama. Nyumba yetu iko kilimani na kila nikiamka naliona ziwa la bwawa. Maji yapo, mitumbwi inapita, ng'ambo siioni vizuri kwa upana. Lakini tumetangaziwa kuwa kina kimeshuka, mgao wa umeme umeanza, na wa maji unafuata. Majirani wanasema tunadanganywa. Wana haki?

Marahaba mwanangu. Majirani wana haki ya kuuliza, ila wanapima kwa kitu kisicho kipimo. Ukiwa kilimani unaona uso wa maji. Kinachoendesha mitambo ni kina, na kina hakionekani kwa mbali.

Chukua Kariba, kwenye mto Zambezi, kati ya Zambia na Zimbabwe. Kwa ujazo ndilo ziwa kubwa kuliko yote yaliyotengenezwa na binadamu: kama kilomita za ujazo 180. Lakini mitambo yake imepangiwa kutumia maji yaliyo kati ya mita 475.50 na 488.50 juu ya usawa wa bahari. Mita 13, basi. Yaliyo chini ya hapo ni zaidi ya nusu ya ziwa zima, na hayaruhusiwi kuguswa kwa ajili ya umeme. Mwishoni mwa Novemba 2022, sehemu ile inayotumika ilikuwa imebaki chini ya asilimia 5, Mamlaka ya Mto Zambezi ikaitaka Zimbabwe isimamishe ufuaji wa umeme upande wake. Mtu aliyesimama ufukweni siku ile bado aliona maji mpaka upeo wa macho.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililoninyima usingizi miaka mingi. Bonde la mto ni jembamba chini, pana juu. Mita ya kwanza ya ziwa lililojaa ina maji mengi sana. Mita ya mwisho ina kidogo. Kwa hiyo ukiendelea kutoa kiasi kilekile kila siku, ziwa linaanza kushuka taratibu, sentimita moja, mbili, halafu linakimbia. Watu husema "limekauka ghafla". Halikukauka ghafla. Lilikuwa linakauka kwa mwendo uleule tangu mwanzo, ila umbo la bonde lilikuwa linatuficha.

La tatu ni nguvu ya anguko. Lita 1,000 za maji zikianguka mita 100 hutoa takriban robo uniti ya umeme. Uniti moja basi inakula kama lita 4,000. Ziwa likishuka na anguko likabaki mita 80, uniti ileile inataka lita 5,000. Yaani kadiri unavyoishiwa ndivyo unavyotumia zaidi kupata kitu kilekile. Msimamizi anayechelewa kupunguza ufuaji kwa mwezi mmoja anaulipia mwezi huo mara mbili.

Kwa hiyo waambie majirani wasiulize kama maji yapo. Waulize namba nne: kina cha leo, kina cha mwisho kinachoruhusiwa, maji yanayoingia kwa siku, na yanayotoka. Ofisi ya bwawa inazo namba hizo kila asubuhi kabla ya chai. Wakinyimwa, hapo ndipo wawe na wasiwasi.

Mama, nisaidie. Mwezi wa nne walifungua milango ya bwawa, maji yakamwagika siku tisa, mashamba ya bondeni yakasombwa. Mwezi wa kumi wanatuambia hakuna maji. Huu si uzembe?

Pole kwa mashamba. Kufungua milango peke yake si uzembe. Bwawa likijaa mpaka ukingoni halafu mafuriko makubwa yakaja, huna pa kuyaweka, na ukuta wa udongo ukipitiwa na maji juu unaliwa na kubomoka. Ndiyo maana bwawa salama huachiwa nafasi tupu kabla ya kilele cha mvua. Nafasi hiyo inauma kuitazama katika nchi kavu, najua, kwa sababu ni maji uliyoyaacha yaende.

Uzembe unaweza kuwa kwingine. Je, walitoa kidogo kidogo kuanzia mapema, au walishikilia mpaka siku ya mwisho wakafungua yote? Siku tisa za kumwaga kwa nguvu zinanifanya nifikirie la pili, ingawa sikuwepo. Je, watu wa bondeni walipewa taarifa siku ngapi kabla? Bwawa kubwa huwa na mstari wake wa uendeshaji: mchoro unaoonyesha, mwezi kwa mwezi, ziwa linatakiwa liwe kwenye kina gani. Ombeni mchoro huo, mchore juu yake kina halisi cha mwaka jana. Mistari miwili ikiachana, mtaona tarehe ilipoanzia, na mtakuwa na la kuuliza mkutanoni lenye uzito kuliko hasira.

Bwawa letu linafua umeme na pia linalisha mji maji ya bomba. Kiangazi kikiwa kikali, nani atangulie? Mimi ni diwani, nimeulizwa na wapiga kura nikakosa jibu.

Mheshimiwa, maji ya kunywa kwanza. Umeme unaweza kuununua kwa jirani, kuufua kwa gesi au kwa jua. Maji ya kunywa ya watu laki moja huwezi kuyaleta kwa waya.

Lakini jibu hilo ni rahisi kulitamka na gumu kulitekeleza, na nataka nikueleze kwa nini kwa jambo nililoliona mwenyewe. Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema. Mwezi wa tisa niliandika barua kwamba tupunguze ufuaji hadi theluthi, tuuwekee mji akiba ya miezi mitano. Barua ilipokelewa. Wiki mbili baadaye simu ililia usiku: mitambo iendelee yote, kuna sikukuu kubwa inakuja, hatutaki giza. Hakuna aliyeandika amri hiyo. Niliitii. Niliwasha mtambo wa tatu kwa mkono wangu.

Mwezi wa pili, bomba la mji lilianza kuvuta tope. Nilishuka mpaka kwenye mnara wa kuchukulia maji. Una midomo mitatu, mmoja juu ya mwingine, ili uchague tabaka safi. Miwili ya juu ilikuwa inaning'inia hewani, imekauka, ina viota vya ndege. Wa chini ulikuwa umezama nusu katika uji wa kijivu unaonuka yai bovu, kwa sababu maji ya chini kabisa yaliyokosa hewa hunuka hivyo. Hospitali ya mji ilipata maji yale. Namkumbuka muuguzi mmoja aliyepanda mpaka ofisini kwetu na chupa mkononi, akaiweka juu ya meza yangu, akaondoka bila kusema neno. Chupa ile niliihifadhi mpaka nilipostaafu.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni hiki: kipaumbele kisiamuliwe kiangazi. Kiamuliwe ziwa likiwa limejaa, siku ambayo hakuna mwenye shida na hakuna mwenye haraka. Kiandikwe kwa mita: ziwa likifika kina fulani mtambo mmoja unazimwa, likifika kina fulani yote inazimwa na yanayobaki ni ya mji. Kisha kina hicho kipakwe rangi nyekundu kwenye ukuta wa mnara, kila mpita njia akione. Simu ya usiku inamshinda mfanyakazi aliye peke yake. Haimshindi kirahisi mfanyakazi ambaye mji mzima unajua mstari wake uko wapi.

Na mtangaze namba. Cape Town, katika ukame mkali uliofikia kilele mwaka 2018, ilikuwa ikitoa hadharani hali ya mabwawa yake kila wiki, na kuanzia tarehe 1 Februari mwaka huo kila mkazi aliombwa asizidishe lita 50 kwa siku. Watu walibana kweli. Wakulima wa Groenland, eneo la mashamba lisilo mbali na mji huo, wenye mabwawa yao binafsi, walifungulia mji mita za ujazo kama milioni 10. Siku ya mabomba kufungwa, iliyokuwa imeshakadiriwa na kutangazwa, haikufika. Mvua ilisaidia, ndiyo, lakini ilikuja kuwakuta watu walioijua hesabu yao.

Sisi ni kamati ya mto mmoja wenye watumiaji watatu: skimu ya umwagiliaji, mji na kituo cha umeme. Tunataka kuandika mkataba. Kila mmoja tumpe mita za ujazo ngapi?

Msimpe mita za ujazo. Mpeni fungu, yaani sehemu ya maji yatakayokuwepo mwaka huo.

Mwaka 1922 majimbo ya mto Colorado, Marekani, yaligawana maji kwa ujazo: karibu kilomita za ujazo 9.25 kwa mwaka kwa bonde la juu, na 9.25 kwa bonde la chini. Vipimo walivyotegemea vilitoka miaka iliyokuwa na mvua nyingi isivyo kawaida. Mexico ikaongezewa haki yake kwa mkataba wa 1944. Tangu mwaka 2000 mto huo, kwa wastani, haujaleta kiasi walichogawana. Pengo hilo lililipwa na akiba. Ziwa Mead, nyuma ya bwawa la Hoover, likawa linashuka mwaka hadi mwaka. Agosti 2021 serikali ikatangaza upungufu rasmi kwa mara ya kwanza, na Julai 2022 ziwa lilifika chini kuliko wakati wowote tangu lilipokuwa linajazwa miaka ya 1930.

Katika bonde la Murray-Darling, Australia, mwenye haki ya maji anamiliki fungu, na kila msimu hutangazwa fungu hilo mwaka huu ni sawa na asilimia ngapi. Mwaka mbaya unaweza kupata kidogo sana. Inauma, ila hakuna anayeshika karatasi ya maji yasiyokuwepo. Na kabla ya mafungu yote toeni ya mto wenyewe, usikauke chini ya banio, pale maji yanapochepushwa.

Kwa nini ziwa la bwawa lisifunikwe, jua lisinywe maji?

Swali zuri, na hasara ni kubwa kweli. Misri na Sudan zilipogawana Nile mwaka 1959, kati ya mita za ujazo bilioni 84 ziliandika kabisa kwamba bilioni 10 zitapotea kwa jua na kupenya ardhini katika ziwa la bwawa kuu la Aswan. Katika nchi kavu ziwa linaweza kupoteza kina cha mita 2 kwa mwaka. Kwa kilomita moja ya mraba hayo ni maji ya kuwatosha watu zaidi ya 100,000 kwa lita 50 kila siku.

Dimbwi dogo unaweza kulifunika. Los Angeles ilimwaga mipira myeusi milioni 96 kwenye hifadhi moja mwaka 2015, hasa kulinda ubora wa maji. Ziwa la kilomita mia huwezi. Unachoweza ni kuchagua eneo lenye korongo refu na jembamba kabla hujajenga.

Shikamoo bibi. Niko kidato cha pili. Shule yetu imepewa kazi ya kusoma ubao wa kipimo kwenye bwawa. Nisomeje?

Marahaba mjukuu wangu. Nenda saa ileile kila asubuhi, kabla upepo haujaamka. Chuchumaa mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji. Ukisoma umesimama utakosea. Kukiwa na mawimbi, soma juu ya wimbi na chini yake mara tatu, uchukue katikati. Andika tarehe, saa, kina, na kama kulinyesha. Tumia kalamu ya wino. Ukikosea usifute: kata kwa mstari mmoja, namba ya kwanza ibaki inasomeka, uandike sahihi pembeni na jina lako. Halafu nakili namba hiyo kwenye daftari la pili, linalolala nyumbani.