Hela ya masaji, si ya vitenge

Mwezi wa kwanza kwa fundi cherehani ni mwezi wa sare. Mzazi anakuja Jumamosi jioni na kitambaa cha bluu, anataka sketi mbili Jumatatu asubuhi, nawe unaitikia kwa sababu ada ya mwanao pia inakungoja. Mwaka huu nilipomaliza sketi ya mwisho, shingo ilikuwa haigeuki. Mtu akiniita kutoka mlangoni, nageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa.

Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam akasikia. Akanitumia laki moja kwenye simu na ujumbe: "Dada, hii ni ya masaji. Ukinunulia vitenge utanirudishia yote." Ananijua. Hapa Mwanga, mjini Kigoma, kitenge kizuri kikiingia kutoka Kongo, hela yangu huwa haina mwenyewe.

Ile laki nimeila taratibu kwa miezi mitatu. Baadhi yake ilinifaa sana, nyingine niliitupa, na niliyoyapenda zaidi karibu hayakunigharimu kitu.

Tuanze na masaji yenyewe, maana neno hilo mitaani lina sifa mbaya. Jirani yangu aliposikia alicheka, akauliza kama baba watoto anajua. Anajua, nilimwambia mwenyewe. Lakini kicheko kile kilinisaidia, kwa sababu kabla ya kwenda popote nilipiga simu na kuuliza maswali yote ambayo ningeona haya kuyauliza nikishafika. Anayekanda ni mwanamke au mwanaume? Navua nini, nabaki na nini? Bei ni ya dakika ngapi? Mahali pa kwanza wakanijibu, "Wewe njoo tu, utaona." Sikwenda, na wewe ukijibiwa hivyo usiende. Mahali pa pili, hoteli moja upande wa ziwani, dada wa mapokezi alijibu moja baada ya jingine bila kuchoka: anakukanda mwanamke, unabaki na chupi, unafunikwa shuka, kinachofunuliwa ni sehemu inayokandwa peke yake, na ukitaka aache unasema tu.

Karatasi yao ilikuwa na majina mengi. Kuna masaji ya Sweden, ambayo mkono unateleza na mafuta, na kuna ile ya nguvu, ambayo kiwiko kinaingia mpaka kwenye fundo. Kuna na mawe ya moto. (Hiyo ya Sweden jina limepotoka: aliyepanga namna zake za kukanda ni daktari wa Uholanzi, Johann Georg Mezger, na Waswidi wenyewe huiita masaji ya klasiki.) Kwa mara ya kwanza chukua ya kuteleza. Mimi nilijifanya shujaa nikaomba ya nguvu, na siku mbili zilizofuata mabega yaliniuma kama niliyebeba magunia ya dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi. Siku ya tatu nikaweza kutazama nyuma bila kugeuza kiuno.

Lakini kilichonishinda siku ile hata si kiwiko. Ni kulala. Mkandaji akinyanyua mkono wangu, nami namsaidia kuunyanyua. Akisogeza taulo, nalishika. Mwisho akaniambia kwa upole, "Mama, niachie huu mkono, ni wangu kwa sasa." Nina miaka arobaini na moja, sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika bila kutaka nimfanyie jambo. Nusu saa ya kwanza niliwaza gauni la mteja ambalo sijaliweka zipu. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: simu iache imezimwa ndani ya mkoba, na ukiona mwili umekaza, hesabu pumzi zako, acha kuhesabu wateja.

Mkandaji alisema pia kwamba anatoa sumu mwilini. Nilinyamaza kwa adabu. Sumu hutolewa na figo na ini, mkono wa mtu haufiki huko. Masaji hulegeza msuli uliokaza, inapunguza maumivu kwa siku kadhaa, na inakupa usingizi. Mimi nimeridhika na hayo. Na kama mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, usimpe mtu aukande. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ikisukumwa inaweza kusafiri hadi mapafuni. Nenda hospitali. Mwenye mimba, mwenye presha, mwenye homa, sema kabla hujapanda kitandani.

Shingo ilirudi kukaza baada ya siku nane. Hapo ndipo nilipotumia akili: nikamwita seremala, akainua meza ya cherehani kwa vipande viwili vya mbao, nami nikapandisha kiti. Sasa kitambaa kinanifuata machoni, siinami kukifuata. Vile vipande vya mbao vimeshinda masaji, na nadhani mdogo wangu hatafurahi kusikia.

Hela niliyoitupa ni ya saluni. Nilitaka skrabu ya mwili mzima, nikafanyiwa vizuri tu, lakini nikatoka saa saba mchana nikatembea juani. Ngozi iliyotoka kusuguliwa ni laini na haina kinga. Mabega yaliwaka usiku kucha. Skrabu ifanye jioni. Usisugue ngozi uliyoinyoa siku hiyo, wala yenye kidonda. Kisha wakaniletea kopo la krimu lisilo na maandishi, eti "ya kung'arisha kidogo". Nikauliza lina nini ndani, mhudumu akatazama dari. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na zebaki inaumiza figo, si ngozi peke yake. Kopo lisilo na jina usiliruhusu hata kwenye kisigino. Miguu yangu, hata hivyo, waliisafisha vizuri sana, na kwa mtu anayekanyaga cherehani kutwa, huko ndiko ningeanzia kama hela ni kidogo.

Kujifukiza nilifanya nyumbani: sufuria, mchaichai, majani ya mkaratusi, blanketi. Harufu inafungua kifua na jasho linatoka mpaka unajiona mpya. Kosa langu lilikuwa kuingia bila kunywa maji tangu asubuhi, halafu nikasimama ghafla. Joto hutanua mishipa, presha inashuka, na mimi nilijikuta nimeshikilia ukuta wa jikoni huku mwanangu akiuliza kama aite watu. Kunywa maji kwanza, keti, dakika kumi zinatosha, inuka polepole. Sufuria ikae chini, mahali pasipotikisika, na watoto wawe mbali. Maji yanayochemka hayana mchezo.

Kilichobaki ni Ujiji. Shangazi yangu anakaa kule, kwenye mtaa wa miembe mikubwa, na ndiye anayewaandaa mabibi harusi wa ukoo. Nilipomsimulia habari ya hoteli aliniangalia muda mrefu. "Umelipa hela ukakandwe na mtu asiyekujua?" Kisha akatoa msio wake, lile jiwe la kusagia, na kipande cha liwa, mti wenye harufu nzuri, akaanza kusaga na marashi polepole, akaongeza dalasini na karafuu kidogo. Hiyo ndiyo singo, dawa ya kusugulia mwili wa bibi harusi. Ililetwa na watu wa pwani waliokuja Ujiji na biashara zao, na shangazi anaifanya kama amri. Hakuna kuharakisha: inapakwa, inakauka, inasuguliwa ikitoka na ngozi iliyokufa, unaoga, halafu unapakwa mafuta ya mise.

Kwa wasio wa huku: mawese hutoka kwenye nyama ya chikichi, ni mekundu, na ukiyapaka utatia doa kila kitu. Mise hutoka kwenye kokwa, ni meusi, yana harufu ya moshi. Nywele na ngozi kavu huyapenda. Shuka lako halitayapenda, tandika la zamani. Na karafuu huwasha ngozi nyepesi, kwa hiyo jipake kidogo ndani ya mkono siku moja kabla.

Jumapili moja nilipita ufukwe wa Jakobsen, njia ya Katonga, nikaingia majini mpaka shingoni na kusimama tu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, lakini pale ufukweni maji ni meupe unaona vidole vyako. Ukienda, kaa mbali na majani na maji yaliyotulia, ndiko konokono wa kichocho wanakopenda, na uliza wenyeji kuhusu mamba kabla ya kuvua viatu.

Siku hizi sifungui duka Jumatatu kabla ya saa nne. Asubuhi hiyo nachukua daladala ya Ujiji. Juzi nilimuuliza shangazi nimlipe kiasi gani, akasema nimshonee dera, lisiwe la kubana kwapani kama lile la mwaka jana. Nilipoanza kutoa futi nimpime, akanipokonya. "Lala kwanza."