Jibu: Kazi za Jenkins zimerudi kwenye seva mpya, lakini siri zinakataa na nyingine hazionekani

Ndugu muuliza swali, kwa faida ya wanaoingia sasa naanza kwa kurudia hali yenu kwa kifupi. Diski ya seva yenu ya Jenkins, programu inayojenga, kujaribu na kupeleka msimbo yenyewe kwa ratiba mnazoziita kazi, imeharibika na inasomeka kwa kubahatisha. Mlikuwa na skripti ambayo kila usiku ilinakili faili la config.xml, lenye maelezo ya kazi, la kila kazi pamoja na faili la credentials.xml, lenye siri, yaani manenosiri na funguo. Mmeyarudisha mafaili hayo kwenye seva mpya, na sasa kazi karibu theluthi hazionekani kabisa, zinazoonekana zinashindwa kuvuta msimbo kutoka Git, mfumo unaoutunza, na kazi inayotengeneza programu yenu ya Android imeanza kuhesabu upya kutoka namba 1.

Kabla ya lolote, zimeni Jenkins kwenye seva mpya na mwambie kila mwenye ruhusa asifungue ukurasa wa siri na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Sababu yake nitaieleza, kwa kuwa ndiyo kiini cha tatizo lenu, nami mwenyewe niliijua kwa kuumia.

Mwaka 2019 nilikuwa nikisimamia seva ya aina hii katika kampuni ndogo ya programu hapa Dar es Salaam. Nilijiona mwangalifu: nilinakili folda nzima ya /var/lib/jenkins kila usiku, isipokuwa folda ya secrets, ambayo niliiacha nje kwa makusudi kwa hofu kwamba nakala ikiangukia mikononi mwa mtu mwingine, siri zetu zitakuwa wazi. Hofu ilikuwa ya haki, ila hatua niliyoichukua ilikuwa nusu. Siku umeme ulipokatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika kumi, diski ikagoma, nikarudisha nakala yangu kwa kujiamini, na orodha ya siri ikatokea kamili, majina yote yakiwa mahali pake. Hakuna hata moja iliyofanya kazi.

Ndani ya credentials.xml, manenosiri na funguo zimesimbwa kwa ufunguo uliomo katika faili la secrets/hudson.util.Secret, na faili hilo nalo limesimbwa kwa kutumia secrets/master.key. Jenkins mpya inapowashwa kwa mara ya kwanza bila mafaili hayo, hujitengenezea mapya bila kulalamika. Kuanzia hapo inasoma credentials.xml yenu ya zamani kwa ufunguo usio wake, inashindwa kuifumbua, na maandishi yaliyosimbwa inayachukulia kama ndiyo nenosiri lenyewe. Ndiyo maana majina yanaonekana lakini Git inawakatalia. Na ndiyo maana nimeomba mtu asihifadhi chochote: ukihifadhi, Jenkins inayasimba tena maandishi hayo kwa ufunguo mpya, na hata ukiupata ule wa zamani baadaye, siri hiyo itakuwa imefungwa mara mbili kwa funguo mbili tofauti.

Naongeza neno kuhusu jina la faili hilo, kwa sababu niliwahi kumkuta kijana wetu akitaka kulifuta akidhani ni takataka za programu nyingine. Jenkins ilizaliwa kwa jina la Hudson, ikiandikwa na Kohsuke Kawaguchi alipokuwa Sun Microsystems, na mwaka 2011 ikabadilishiwa jina baada ya mvutano na Oracle, iliyokuwa imeinunua Sun. Jina la zamani limebaki ndani ya msimbo na ndani ya majina ya mafaili hadi leo. Kila mnapoona neno hudson katika folda ile, msiliguse.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni ile diski inayosomeka kwa kubahatisha. Iungeni kwenye mashine nyingine kwa hali ya kusoma tu, na kabla ya kutafuta kitu kingine chochote, chukueni folda nzima ya secrets. Ni ndogo mno, hunakiliwa kwa sekunde chache. Baada ya hapo chukueni mafaili ya nextBuildNumber, yanayotunza namba ya mzunguko unaofuata wa kila kazi, halafu jobs nzima, halafu users na nodes, na mwisho folda ya plugins. Folda ya workspace iacheni hapo hapo, kwa kuwa yaliyomo ni msimbo ambao Git itawaletea tena. Mkipata secrets, ifuteni ile iliyojitengeneza kwenye seva mpya wakati Jenkins imezimwa, wekeni ya zamani, rudisheni na credentials.xml ya kutoka kwenye nakala yenu ambayo haijaguswa, kisha hakikisheni mmiliki wa mafaili ni mtumiaji jenkins na si root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Amri ya chown -R jenkins:jenkins husahauliwa na karibu kila mtu anayerudisha nakala, na matokeo yake ni Jenkins inayogoma kuwaka, ikiacha logi iliyojaa malalamiko ya kunyimwa ruhusa.

Msipoipata folda ya secrets, hakuna njia ya mkato. Mimi nilikaa siku mbili na nusu nikiomba upya funguo za malipo, za ujumbe mfupi na za seva za wateja, moja baada ya nyingine. Lililonitoa jasho zaidi lilikuwa faili la ufunguo wa kusaini programu ya Android, ambalo tulilihifadhi ndani ya Jenkins peke yake. Tuliokolewa na jambo moja tu, kwamba programu ile ilikuwa imesajiliwa katika utaratibu ambao Google Play yenyewe hutunza ufunguo wa kusaini, na msanidi hubaki na ufunguo wa kupakia, ambao ukipotea unaweza kuomba ubadilishwe. Kwa programu isiyo katika utaratibu huo, kupoteza ufunguo maana yake ni kuchapisha programu mpya kwa jina jipya la kifurushi na kuwaomba watumiaji wote wahamie huko. Angalieni yenu iko upande gani leo hii, kabla hamjajua hatima ya diski.

Kuhusu kazi zisizoonekana, nakisia kwamba mlikuwa mmezipanga ndani ya folda za Jenkins. Skripti yenu inatafuta jobs/*/config.xml, yaani ngazi moja tu. Kazi iliyo ndani ya folda hukaa chini zaidi, kwa mfano jobs/malipo/jobs/api/config.xml, na kazi za matawi mengi zina folda ya branches ndani yake. Skripti ilinakili config.xml ya folda, ikaacha watoto wake wote. Linganisheni majina yanayokosekana na mpangilio wa zamani mtaona kama ndivyo. Upo uwezekano wa pili, kwamba config.xml ipo lakini programu-jalizi inayoielewa haipo. Hapo logi itaandika CannotResolveClassException ikifuatiwa na jina la kitu kilichokosekana. Likiwa ni flow-definition, mnakosa programu-jalizi za kuendesha kazi za Jenkinsfile, yaani faili la maelezo ya kazi linalokaa pamoja na msimbo. Sakinisheni, washeni upya, na kazi itatokea. La hatari ni pale kazi inapofunguka lakini sehemu yake moja haijulikani, labda hatua ya kutuma barua pepe. Jenkins huiruka kimya kimya, na siku mtu atakapobadilisha maelezo na kuhifadhi, sehemu hiyo inafutika kwenye faili. Ukurasa wa data za zamani, ulio ndani ya usimamizi wa Jenkins, huorodhesha sehemu kama hizo, kwa hiyo upitieni kwanza.

Hapo hapo niulize: je, seva mpya mmeisakinishia toleo jipya kabisa la Jenkins? Wengi hufanya hivyo, kwa kuwa wanaona ni nafasi nzuri ya kusasisha. Mimi nashauri msifanye. Rudisheni kwenye toleo lile lile la zamani, hakikisheni kila kitu kinatembea, ndipo msasishe, maana mkichanganya mambo hayo mawili hamtajua kosa limetoka upande upi. Toleo la muda mrefu la 2.361.1 liliacha kukubali Java 8 na kudai Java 11, na lile la 2.479.1 likadai Java 17. Mtu aliyekuwa kwenye seva ya miaka mingi anaweza kupoteza siku nzima akiilaumu nakala yake wakati kosa ni la Java.

Namba ya kazi ya Android hutunzwa katika faili la nextBuildNumber ndani ya folda ya kila kazi. Kwenu haikunakiliwa, na historia ya mizunguko nayo haikunakiliwa, ndiyo maana hesabu imeanza upya. Kwa kazi nyingine si kitu, lakini kama mnatumia namba hiyo kama namba ya toleo la programu, Google Play itaikataa kwa kuwa inataka namba kubwa kuliko iliyotangulia. Tazameni namba ya mwisho iliyopokelewa, andikeni inayofuata katika faili hilo wakati Jenkins imezimwa, mwashe.

Sasa kuna makosa ambayo mtayakuta hata baada ya siri kukubali, na ambayo hayahusiani na nakala. Kazi ikikaa foleni bila kuanza, someni maneno yanayotokea mnapoweka kishale juu yake. Mara nyingi inasubiri mashine msaidizi yenye lebo ambayo seva mpya haina, au mashine imetolewa kazini kwa sababu nafasi ya diski imeshuka chini ya kiwango, ambacho kwa kawaida ni GB 1. Kazi ikianza na kufa kwenye kuvuta msimbo kwa ujumbe wa Host key verification failed, tatizo si siri zenu: mtumiaji jenkins kwenye seva mpya hana orodha ya seva anazozitambua. Orodha ya zamani pia yaweza kuwa imepitwa na wakati, kwani GitHub ilibadilisha ufunguo wake wa RSA, unaoitambulisha seva yake, mwezi Machi 2023, na tuliobaki na ule wa awali tulikwama asubuhi hiyo.

Kosa ninaloulizwa kuliko yote ni lile la amri inayokubali kwenye teminali na kukataa ndani ya Jenkins. Aliyeingia kwenye teminali ni wewe, mwenye PATH yako (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa), folda yako ya nyumbani na mipangilio yako. Jenkins inaendesha amri kama mtumiaji jenkins, ambaye hajawahi kusoma faili lako la .bashrc. Tena katika hatua ya kawaida ya skripti inatumia sh kwa chaguo za -xe, kwa hiyo amri ya kwanza inayorudisha kosa inasimamisha kila kitu, hata kama ni grep ambayo haikupata ilichokitafuta. Jaribuni amri hiyo kwa sudo -u jenkins kabla ya kubadilisha chochote. Na mkiona mzunguko umekufa kwa namba 137, mchakato umeuawa kwa nguvu, mara nyingi na mfumo wenyewe kwa kukosa kumbukumbu. Someni dmesg, yaani ujumbe wa mfumo wenyewe, si msimbo wenu.

Angalieni na saa. Seva mpya za kukodi kwa kawaida huja na saa ya UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Kazi iliyopangwa saa nane usiku itaanza saa kumi na moja alfajiri, wakati watu wa zamu ya asubuhi wameshaingia. Mstari wa TZ=Africa/Dar_es_Salaam juu ya ratiba ya kazi unatosha.

Mkishasimama, badilisheni ile skripti. Nakilini folda nzima ya Jenkins, mkiondoa workspace, caches na master.key tu. Mwongozo wa Jenkins unashauri master.key isikae ndani ya nakala ya kawaida bali itunzwe mahali pengine peke yake, na hilo ndilo jibu la hofu niliyokuwa nayo mimi: atakayeiba nakala bila ufunguo huo hatafumbua kitu, nanyi mnao. Sisi tunao mara mbili, mmoja ukiwa kwenye karatasi ndani ya bahasha kwenye kabati la mhasibu. Kazi ambazo maelezo yake yanaweza kuandikwa kama Jenkinsfile zihamishieni Git, zibaki kwenye seva zikiwa nyepesi.

Halafu jaribuni kurudisha. Fungueni nakala kwenye kompyuta nyingine, elekezeni JENKINS_HOME (folda kuu ya Jenkins) huko, na washeni jenkins.war kwa mlango mwingine wa mtandao (port), kwa mfano --httpPort=9999. Ila kateni mtandao wa mashine hiyo kwanza. Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili niliiwasha nakala saa nne usiku, nikafurahi kuona kazi zote zipo, nikalala. Nakala ile ilikuwa na siri zote na ratiba zote, na ilipofika saa nane usiku ikafanya kama ilivyoagizwa: ikapeleka toleo la wiki iliyopita kwenye seva ya mteja.

Mkimaliza upande wa secrets, wekeni hapa mistari ya logi kuanzia pale Jenkins inapoanza kuwaka hadi kosa la kwanza, si la mwisho, na mfute majina ya seva zenu kabla ya kubandika. Nitakuwepo jioni.