Kijiji kimehamishwa, wenyewe hatukuulizwa

Tangu tulipogusia suala la kugawanya kata, barua zimekuwa nyingi na karibu zote zina uchungu uleule. Nimechukua chache zinazogusa wengi.

Kijiji chetu kimehamishiwa kata ya jirani. Tulijua siku mtendaji alipotuambia barua za utambulisho tukazichukue kwingine. Sheria inaruhusu? (Mkulima, Morogoro)

Mamlaka ya kuunda na kubadili kata na vijiji yapo kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mikoa na wilaya hugawanywa na Rais, kwa Ibara ya 2(2) ya Katiba ya Tanzania. Kwa hiyo uamuzi wa mwisho hautolewi kijijini, ila safari yake inaanzia kijijini: mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kisha kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, ya mkoa, ndipo pendekezo lifike TAMISEMI. Ngazi ya kwanza ikirukwa, zote za juu zinajadili maombi ambayo hakuna aliyeyaomba.

Ibara ya 21(2) inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Ninyi mlipewa taarifa baada ya mambo kwisha. Huko siko kushiriki.

Mwenyekiti anasema muhtasari wa mkutano ulioridhia mabadiliko ya kata upo na majina yetu yamo. Tuliyosaini ni mahudhurio ya kikao cha ujenzi wa zahanati! (Mama wa watoto wanne, Tabora)

Mama, hili ndilo swali kubwa kuliko yote ya leo, kwa sababu huko juu hakuna atakayekuja kuwasikiliza mmoja mmoja. Watasoma muhtasari. Karatasi ikisema "wananchi waliridhia kwa kauli moja", basi mmeridhia.

Ombeni nakala kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 30. Mkiipata, msianze na maneno ya muhtasari, anzeni na karatasi za mahudhurio. Je, juu ya kila ukurasa wenye majina pameandikwa tarehe na ajenda ya mkutano? Orodha tupu ya majina, isiyo na kichwa, iliyobanwa kwa pini nyuma ya muhtasari, inaweza kuwa ya kikao chochote. Angalieni kama yumo aliyekuwa safarini siku hiyo, au marehemu. Angalieni kama saini kumi mfululizo zina mwandiko mmoja.

Kisha wale ambao majina yao yamo na hawakukubali waandike barua ya pamoja kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mkuu wa wilaya, na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na mhuri ni rahisi kuambiwa haikufika.

Na kuanzia sasa, mtu asisaini ukurasa usio na kichwa cha habari. Kataeni kwa upole, lakini kataeni. Kila mmoja ana simu siku hizi, pigeni picha.

Kijiji chetu kinaingizwa kwenye mji na kitakuwa mtaa. Nina hati ya hakimiliki ya kimila. Shamba langu je? (Mstaafu, Pwani)

Kuhama kata hakugusi shamba. Kugeuka mtaa kunagusa, na wengi hawaambiwi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu. Kijiji kikifutwa, usimamizi huo unahamia halmashauri ya mji, na mipango ya viwanja inafuata. Haki yako haipotei hewani, na ikitwaliwa unastahili fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Ila ule mkutano uliokuwa na uwezo wa kusema hapana hautakuwepo tena. Ulizeni hilo sasa, mkiwa bado kijiji.

Kuna waliowahi kupinga wakasikilizwa, au tunajisumbua? (Kijana, Manyara)

Wapo, tena jirani zako. Agosti 2, 2024, TAMISEMI ilitoa Tangazo la Serikali Na. 673 lililofuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa ya Ngorongoro, miezi michache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Watu wapatao laki moja wangeamka hawana mwenyekiti wala kijiji cha kupigia kura. Agosti 18 maelfu ya Wamasai, wanawake wakiwa wengi, walijitokeza barabarani kwenye njia ya watalii iendayo Serengeti, wakakaa hapo kwa siku kadhaa. Agosti 22, Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo lile. Kesho yake, Waziri William Lukuvi alifika na ujumbe wa Rais kwamba vijiji vinarudi na watu watapiga kura.

Maandamano ya barabarani yalionekana na kila mtu. Kilichozuia tangazo kisheria ni ombi lililofika mahakamani ndani ya wiki chache. Anayetaka mahakama ipitie uamuzi wa serikali lazima aombe kibali ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe, na vijiji vingi vinaimalizia miezi hiyo kwenye ahadi za "tutalifanyia kazi". Tafuteni wakili au msaidizi wa kisheria mapema.

Jimbo letu la ubunge limegawanywa. Kata yetu imehama? (Mwalimu, Mbeya)

Hapana. Majimbo hukatwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ambayo Mei 2025 iliongeza 8 yakafika 272. Kata na wilaya yako ni zilezile.

Tukihoji tunaitwa wapinga maendeleo. Tujibu nini? (Wazee wa kitongoji, Singida)

Wazee wangu, msijibu kwa hasira, jibuni kwa umbali. Andikeni: ofisi ya kata ya sasa ni mwendo gani kwa miguu, ile mpya ni mwendo gani, masika mto unapitika? Kituo cha afya kitakuwa kipi? Kisima na malisho mnayotumia na wenzenu vitabaki upande gani? Makaburi? Anayeleta maendeleo ya kweli atakuwa na majibu hayo mkononi, na akiwa nayo, huenda hata ninyi mkamuunga mkono. Asipokuwa nayo, ombeni maswali yenu yaingizwe kwenye muhtasari kama mlivyoyauliza, na msisaini mpaka yasomwe kwa sauti.